Mashimo ya Mwezi na Jina la Shemeji

Katika habari hii sitamtaja mtu kwa jina. Si kwa heshima. Ni kwamba hapa nyumbani ukiita jina la baba mkwe wangu, vijana sita wanageuza vichwa, na wa saba, aliye Nakuru, anasikia baadaye na kupiga simu kuuliza alikuwa akitafutiwa nini. Wote ni wajukuu wa mzee. Alipofariki, kila mwanawe aliyekuwa na mke mjamzito alimpa mtoto jina lake, na wale ambao wake zao hawakuwa wajawazito walifanya haraka. Sasa tunawatofautisha tunavyoweza. Yupo Mrefu, yupo wa Mwalimu, yupo wa Mtoni, yupo Aliyeungua, ingawa kovu lenyewe lilishafutika na mvulana mwenyewe hakumbuki moto wowote.

Desturi yetu ni hiyo. Mtoto hupewa jina la aliyekufa. Aliye hai jina lake haliguswi. Kumpa mtoto jina la mtu ambaye bado anakula ugali ni kumwonyesha huyo mtu njia ya kaburini. Mimi nilizaliwa Nyamira, kwenye majani chai, nikaolewa Tabaka, kwenye mawe ya kuchonga vinyago, na pande zote mbili sijawahi kusikia mtu akibishana juu ya jambo hilo. Wanabishana juu ya mipaka, juu ya ng'ombe, na juu ya nani aimbe sauti ya kwanza kwenye kwaya, lakini hilo hapana.

Shida yetu ilikuwa shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, kitinda mimba wa mama mkwe. Alikwenda Arabuni kuendesha malori. Alikuwa akipiga simu kila Jumamosi jioni Sabato ikiisha, anaongea na mama yake kwanza, halafu sisi wengine tunagombania simu. Kisha Jumamosi moja hakupiga. Iliyofuata hakupiga. Laini ikawa haipatikani, na mpaka leo haipatikani. Mawakala waliompeleka walifunga ofisi yao Nairobi, na tulipokwenda tukakuta pale panauzwa viatu. Tulipouliza serikalini tuliambiwa tuwe na subira. Tumekuwa na subira miaka na miaka. Subira tunayo hata ya kugawia majirani.

Nilimpenda yule kijana, niseme wazi. Nilipoletwa hapa bibi harusi, simjui mtu, yeye ndiye aliyenionyesha kisima chenye maji matamu na shangazi wa kukwepa. Kazi ya mawe ilimshinda kabisa. Alichonga viboko waliofanana na makochi. Tajiri wa duka la vinyago huko Kisii mjini aliwakataa wote, na mama mkwe akawachukua akawapanga dirishani kwake. Tangu simu zikatike, jina lake halikutajwa tena katika boma hili. Mama mkwe alimwita "yule wa mbali", nasi tukafuata.

Hakuoa, hakuacha mtoto. Na kwetu mtu akifa bila mtoto, ndugu yake ndiye hulifufua jina. Kwa hiyo siku ile hospitalini waliponiambia, baada ya wasichana wawili, kwamba niliyembeba ni mvulana, mume wangu alitangulia mbele njia nzima ya kurudi nyumbani, nami nilijua anawaza nini. Mtoto akiitwa jina lile, shemeji amekufa, na sisi ndio tutakuwa tumemuua. Asipoitwa, mimi kwa umri wangu nilikuwa nafunga duka, na jina linaishia hapo. Katikati ya hayo mawili kulikuwa na tumbo langu.

Ndipo ikaja ile kazi ya kuchonga mwezi.

Tajiri wa vinyago alileta michoro iliyotoka kwa mteja wa ng'ambo, shule moja inayofundisha watu habari za nyota. Walitaka mwezi wa mawe, mviringo, wa kushikwa kwa mikono miwili, mashimo yake makubwa yakiwa mahali pake na majina yamekwaruzwa kando. Na si mmoja, sanduku zima. Sisi wa Tabaka tumechonga kila kitu: twiga, Yesu, vyombo vya sabuni, watu waliokumbatiana wasio na nyuso. Mwezi ulikuwa mgeni. Mume wangu aliutazama mchoro akasema, "Hili si pambo, hii ni ndui." Lakini alichagua jiwe jeupe zuri, akalikata kwa panga na kulizungusha mpaka likakubali. Mimi nikawa natoboa mashimo kwa patasi ndogo na kukwaruza majina kwa msumari. Mama mkwe alikaa na beseni la maji akipiga msasa, maana hakuna atakayemnyang'anya msasa mama mkwe wangu akiwa na mikono.

Kwa kuwa mimi ndiye niliyefika kidato cha nne, ilichukuliwa kwamba nayajua ya mwezini. Nikawa nasoma kwenye simu jioni, miguu imevimba, nimeiweka juu ya debe. Nikaona kwamba karibu mashimo yote yale ni makovu ya mawe yaliyotoka angani yakagonga. Na kwa kuwa kule hakuna mvua wala jembe, alama ikipigwa imepigwa. Jiwe kama hilo likianguka Kisii, msimu mmoja tu mtu ameshapanda ndizi humo shimoni na jirani yake ameshamshtaki kwa chifu. Kule shimo linakaa hivyo hivyo, na watu wa huku chini wakaketi mezani kuyapa mashimo majina ya wasomi, hasa waliosoma nyota.

Lakini mashimo ni mengi kuliko wasomi. Kwa hiyo shimo kubwa likishapewa jina, vishimo vinavyolizunguka huitwa jina hilo hilo, kila kimoja na herufi yake. Bonde likipita karibu nalo linachukua jina lile lile, na mlima vilevile. Nilimsomea mume wangu nikidhani atashangaa.

"Kwani kuna nini hapo?" akasema. "Hilo kubwa ni Baba. Hivyo vingine ni Mrefu, wa Mtoni na Aliyeungua."

Siku hiyo alikuwepo jirani yetu, mama wa kutoka Siaya anayeshona nguo kando ya barabara. Alikuwa amekuja kunipima gauni, maana zangu zote zilishakataa kufunga. Akasema hilo si ajabu hata kidogo, hata kwao Bondo kuna mahali panaitwa Nyamira, na hakuna aliyewahi kuleta herufi.

"Sasa mtu akitafuta Nyamira akafika kwenu?" nikamwuliza.

"Akipotea amepotea," akasema, utepe wa kupimia mdomoni. Halafu akakumbuka yuko boma la nani. Msasa wa mama mkwe ulisimama kidogo, kisha ukaendelea.

Miezi ya kwanza tuliyochonga ilirudishwa. Nilikuwa nimeziandika herufi upande wa nje wa vishimo, palipokuwa na nafasi, kumbe kwenye ramani herufi huwekwa upande unaoelekea shimo kubwa, ili ijulikane kishimo ni cha nani. Nilisema maneno ambayo sitayarudia, nikiwa mtu wa kanisa. Mama mkwe aliuchukua mwezi mmoja, akaugeuza, akasema, "Hao wana haki. Mtoto humtazama mzazi wake, wewe umewafanya watoto wawape wazazi mgongo." Akazisugua herufi zangu zote mpaka zikaisha, na nikaanza upya.

Basi mume wangu akafanya kosa ambalo nadhani ni Mkisii tu anayeweza kulifanya. Kwenye mchoro kulikuwa na mashimo kadhaa yasiyoandikwa kitu. Tajiri alikuwa amesema yaachwe wazi. Asubuhi moja nikaukuta mwezi uliomalizika, umepakwa nta na unang'aa, na kando ya shimo moja zuri limekwaruzwa jina la baba mkwe wangu.

"Hiki ni nini?"

"Ni Baba."

"Mchoro unasema shimo hili halina jina."

"Halina jina maana halina mwenyewe. Wewe ukiona shamba halina mwenyewe unaliacha?"

Hasira zangu ziko karibu, hata daktari alinisihi nizipunguze kwa ajili ya mtoto. Nilimwuliza kama amerukwa na akili. Nilimwuliza kama anataka tujulikane ng'ambo kuwa wanyakuzi wa ardhi ya mbinguni. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba Kisii hata ukingo wa barabara umepandwa sukuma wiki, na yeye hawezi kuitazama ardhi imekaa hivyo bure. Tajiri alipokuja aliugeuza mwezi mkononi, akasema, "Safi," akaufunga kwa magazeti. Mpaka leo hakuna aliyeuliza. Mahali fulani ng'ambo kuna mwezi mezani, na kwenye huo mwezi, chini kidogo upande wa kushoto, yuko baba mkwe wangu.

Mama mkwe alifurahi kupita kiasi. Kabla haujafungwa aliomba aushike, akapapasa jina la mumewe kwa kidole gumba, akasema mzee alikufa akilalamika kwamba shamba halitoshi, sasa ameongezewa. Furaha hiyo ilimdanganya mume wangu. Kesho yake akachuchumaa karibu na beseni, akamwonyesha mwezi mwingine.

"Mama, kuna shimo jingine hapa, karibu na la Baba. Nilikuwa nafikiri, labda, yule wa mbali..."

Mama mkwe hakumwacha amalize. Aliinua beseni zima la maji meupe akalimwaga miguuni pake.

"Huyo si wa mashimo! Umenisikia? Huyo si wa mashimo!"

Mume wangu akasimama hapo na viatu vyake vinavyochuruzika. Mama mkwe akanigeukia mimi. "Wewe unayesoma. Hao wote walioandikwa hapo, wamekufa?"

Nikamwambia ndiyo, kanuni yao ni hiyo. Mtu hapewi shimo mpaka awe amekufa na miaka kadhaa imepita.

"Miaka ya nini?"

"Sijui, Mama. Ya kuhakikisha, labda."

"Ala! Kuhakikisha nini? Kwani wao hawaoni maiti?"

Maji yalikuwa yanamdondoka viganjani, na mimi nilimhurumia. Nikatafuta la kumpoza. Nikamwambia wapo watatu ambao hawakungojewa wafe, wale wa safari ya kwanza ya kutua mwezini. Kulikuwa na vishimo vitatu vidogo karibu na walipotua, vya herufi tu, chini ya jina la shimo jingine. Vikaondolewa herufi, vikapewa majina ya wale watatu, wenyewe wakiwa bado hai wanakunywa chai yao.

Akafikiri. "Walirudi?"

"Walirudi, Mama. Wote watatu."

"Basi hao ni wengine," akasema, na kuniagiza nimletee maji mapya.

Mtoto alizaliwa mvua ikinyesha, na alikuja bila kunisumbua, jambo ambalo kwa mtoto wa ukoo huu ni la kushukuru. Jina la kanisa lilipatikana bila vita. La nyumbani likangoja, maana katika boma hili jina la nyumbani hulitoa mama mkwe peke yake, na mama mkwe alikuwa amefunga mdomo. Alimwogesha mtoto, alimbeba, alimwimbia. Akitaka kumwita alisema, "Wewe mgeni." Dada zake wakamwita Mgeni. Hata mimi nilijikuta nikimwita hivyo, na nikajichukia.

Kaka mkubwa wa mume wangu, baba yake Mrefu, alikuja kututolea mashauri. Alikula kwanza, vizuri, kisha akajipangusa na kusema waliotutangulia walishasema, asiyekuwapo na lake halipo. Mtoto apewe jina la ndugu yao, mambo yaishe, watu waendelee na maisha.

"Kama lake halipo," nikamwambia, "basi hata kifo chake hakipo. Nendeni mkakilete kwanza."

Alimwuliza mume wangu kama mimi niko hivi siku zote. Mume wangu akasema hapana, nimejifungua juzi tu, nina uchungu. Alidanganya kwa upendo, niko hivi siku zote. Lakini siku hizo hasira ilikuwa ya woga. Nilimtazama mtoto akinyonya, macho ameyafumba, kwa kidole kimoja ameshika ukosi wangu, na nikaogopa. Sikutaka mwanangu awe kaburi la mtu. Halafu nakumbuka kile kisima, na wale viboko, na jinsi alivyokuwa akicheka kabla hajamaliza kusimulia, na naona pia kwamba sitaki jina lile lipotee. Nilitaka yote mawili.

Jirani wa Siaya akaja kumletea mtoto kofia. Yeye haogopi kuuliza. Alikaa karibu na mama mkwe, akamwuliza kwa upole kama yule wa mbali amewahi kumjia ndotoni.

"Hajaja," akasema mama mkwe.

"Basi ngoja, mama. Kwetu marehemu haachi jina lake lipotee hivi hivi. Atakuja mwenyewe kulidai."

Kanisani kwetu tunafundishwa kwamba wafu wamelala na hawajui neno lolote, na mama mkwe amekuwa shemasi tangu kabla sijazaliwa. Nilitegemea amjibu kwa mstari. Alishukuru kwa kofia, akamvika mtoto, akaingia ndani. Tangu siku hiyo, jioni, baada ya kufungia kuku, alikuwa akisimama peke yake nyuma ya nyumba kwa muda, akizungumza. Nilidhani anaomba. Sikwenda kusikiliza, kila mtu na maombi yake.

Ikafika Sabato ya kumweka mtoto wakfu. Tulivaa nyeupe. Mchungaji alimwinua mtoto, akamtaja kwa jina lake la kanisa, akamwombea, na mtoto akamtapikia kidogo begani. Tukarudi nyumbani na baba yake Mrefu na watu wake, tukakaa nje kwenye viti tulivyoazima, tukala chakula kilichopikwa jana yake. Hakuna aliyegusia habari ya jina. Mume wangu alikuwa amenionya nisianze, na mimi nilikuwa nimemwonya yeye.

Wakati wa chai mama mkwe akainyoosha mikono nimpe mtoto. Nikampa. Akasimama naye katikati ya viti.

"Niliambiwa mwanangu atakuja kudai jina lake," akasema. "Mimi sikumwita aje kulidai. Nilimwita aje kukataa. Kila jioni nimemwambia: mwanangu, kama uko hai, hawa watu wanataka kuchukua jina lako. Njoo ukatae. Njoo hata kwa ndoto. Wewe ulikuwa mtoto mbishi, hukuwahi kunyamaza kitu chako kikiguswa." Akamsogeza mtoto begani. "Nimemngoja mvua yote. Hajakataa."

Kaka mkubwa akakohoa kutaka kusema kitu. Mama mkwe akamtazama, naye akaacha.

Akainamisha kichwa, akalisema jina sikioni mwa mtoto. Kisha akalisema tena kwa sauti, tusikie wote. Lilikuwa halijatamkwa katika boma lile tangu simu zikatike, na kulisikia hivi, mchana, mbele ya watu wenye vikombe mikononi, kulinichoma. Mume wangu aliangalia viatu vyake. Mtoto alikuwa amelala. Mama mkwe akanirudishia, akamfunika miguu vizuri kwa shali, akatembea taratibu mpaka nyumbani kwake na kufunga mlango.

Ndipo tukamsikia. Si kulia kwa mtu aliyehuzunika. Kilikuwa kile kilio cha kutangaza msiba, mikono kichwani, kinachovuka bonde na kumtoa mtu shambani na jembe lake. Sisi sote tukasimama. Hakuna aliyemfuata ndani. Dada zake mtoto wakanishika sketi, mmoja huku na mmoja huku.

Kilio cha namna hiyo watu hawangoji kuitwa. Wa kwanza kufika alikuwa yule jirani, mbio kutoka barabarani, utepe wa kupimia bado uko shingoni, uzi mwekundu umemganda kwenye blauzi.

"Yawa! Nani amefariki?"

Mume wangu akageuka akautazama mlango wa mama yake. Kwa hiyo nikamjibu mimi. Nikamtajia jina la shemeji yangu, lote, kama lilivyo.

Akajishika kichwa. Akaanza kuuliza lini, wapi, nani ameleta habari, kisha macho yake yakatua kwenye zile nguo zetu nyeupe, na kwa mtoto kifuani pangu.

"Na huyu," akauliza polepole, "ameitwa nani?"

Nikalitaja tena.